Kila jani na aliyenipa jina lake

Wiki tatu zilizopita nililetewa ujumbe wa sauti kutoka Unguja. Mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe, ambaye kwa miaka miwili sasa hununua kwangu mikoba ya kitambaa niliyoichapa majani, kumi, mara nyengine kumi na mitano, alitaka mikoba 200 kwa mpigo mmoja. Sharti lake lilikuwa dogo: nikitoe kile kikaratasi ninachokishonea ndani ya kila mkoba, chenye jina la mti na la mtu aliyenipa jina hilo. "Dada yangu," alisema, tena kwa upole, "wateja wanapenda jani. Hayo majina ya wazee hawayajui, na mie kila siku nakaa kuyaeleza. Nifanyie mitupu, nusu ya pesa nakutumia leo leo."

Mikoba 200 kwa shilingi 18,000 ni shilingi 3,600,000. Kwetu Makangale, kaskazini ya Pemba, hizo ni pesa za kuezekea nyumba. Nilikaa na simu mkononi mpaka ikaadhiniwa magharibi, kisha nikamwomba anipe muda hadi Alkhamisi ipite. Tangu hapo nimeulizwa na ndugu, na majirani, na mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam ambaye hakuficha hasira zake: mtu mwenye biashara ndogo kama yako anaombaje muda? Jibu ni refu, halienei kwenye simu. Ndiyo maana naliandika.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaona mkoba na hawajui jani limefikaje pale.

Sichori wala sipaki rangi ya kopo. Jani lenyewe ndilo linaloacha alama yake juu ya kitambaa. Natumia marekani, ile isiyotiwa dawa ya kuifanya nyeupe, ambayo nainunua kwa jora Wete. Naifua mara mbili kuondoa wanga, halafu nailaza usiku kucha katika maji ya shabu, shabu hiihii ya kinyozi, ili rangi ipate pa kushika. Pembeni nina ndoo ya misumari yenye kutu niliyoitia siki na maji. Ikikaa wiki mbili, maji yake yanakuwa kama chai ya rangi iliyochacha. Jani nalichovya humo, nalitandaza, naweka jengine na jengine, kisha nakizungushia kitambaa kwenye fimbo ya mpera kwa nguvu zangu zote na kukifunga kwa kamba ya usumba pasibaki upenyo. Kinakaa juu ya mvuke wa sufuria kwa muda wa saa mbili. Nikishakifungua, jani lenyewe limenyauka, nalitupa, lakini mishipa yake yote iko palepale juu ya kitambaa, na tundu alilotoboa mdudu, na ukingo uliochanwa na upepo wa kusi.

Yanayochapa vizuri ni majani yenye ukakasi, ule unaokunja ulimi ukila tunda lisiloiva. Ukakasi ukikutana na kutu hugeuka mweusi. Jani la mkungu linaongoza: ni pana kama kiganja cha mwanamme, na likiwa limeanza kuwa jekundu na kuanguka lenyewe ndipo linapotoa alama kali zaidi. Mshelisheli nao una umbo ambalo hata mtoto wa miaka mitatu wa Pemba analitambua kwa zile pande zake zilizochongoka. Jani la mkarafuu limenishinda. Nimejaribu la kale na changa, nimejaribu kuliponda kidogo, linaacha doa tu, na inaniuma kwa sababu kisiwa chetu kinajulikana kwa mkarafuu kabla ya kujulikana kwa kitu chengine chochote.

Nikitaka kitambaa kiwe na wekundu wa udongo, nakichemsha na magome ya mkandaa. Mkandaa sikati. Magome nayaomba kwa mafundi wanaobandua boriti kabla ya kuezeka, ambao wangeyatupa. Babu zetu wavuvi walichovya nyavu na matanga katika rangi hiyohiyo yasioze. Manjano nimeacha, hupauka juani, nami sitaki kumuuzia mtu rangi itakayomkimbia.

Mwanzo, mwaka 2018, sikutumia marekani. Nilitumia bafta, ni laini na haina kazi kubwa kuifua. Siku moja nimeanika kamba nzima uwani, akapita Bi Mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, ambaye tangu mimi mdogo ndiye anayeosha maiti wa kike. Alisimama kwenye mlango wa ua, akatazama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye kamba. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, hizi nguo za nani?" Nikamwambia si nguo, ni mikoba ya kwendea sokoni. Akasema: "Bafta mie naijua kwa kazi moja. Sasa mtu atie tungule ndani yake?" Akaenda zake. Bafta ndiyo sanda yetu, nilijua, kila mtu anajua, lakini nilikuwa sijafikiri kwa macho ya mtu ambaye mikono yake imeshaikunja mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Nilizishusha zote siku ileile. Zile ambazo zilikuwa hazijachapwa nilimpelekea yeye. Alizipokea.

Nimelisimulia hilo kwa sababu ndipo nilipoanza kuona kuwa vitu ninavyovishika, kitambaa na jani na magome, vina watu wanaovijua kuliko mimi, na watu hao wako hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Habari ya majina ilianza kwa kosa. Barabara ya kutoka Konde kuja kwetu inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Msitu ule ni hifadhi, haichukuliwi kitu, nami sichukui hata jani lililoanguka. Mpapindi, mtende mwembamba wenye mashina yanayosimama pamoja, ambao asili yake ni Pemba peke yake duniani, haumo kwenye mkoba wangu hata mmoja; nimeuchora kwa penseli nikiwa nimesimama, na mchoro uko ukutani. Majani yangu nayaokota mashambani, viamboni na ufukweni. Sasa ufukweni upande wa Tondooni niliokota jani zuri sana, gumu, linalong'ara, lenye mishipa myembamba iliyopangana sambamba kama nyuzi za kitanda cha kamba. Lilichapa kwa namna ambayo sijawahi kuona. Nikatengeneza mikoba kumi na miwili. Nilikuwa nimeshaanza kushonea vikaratasi vya jina la mti, kwa sababu wageni huuliza, na kwa kuwa sikulijua jani lile nikaandika "mkungu wa pwani". Nilijitungia. Lilionekana jina linalofaa.

Nikaenda nayo sokoni Konde. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuja kuuza pweza, akaushika mkoba mmoja, akaugeuza, akasoma kikaratasi taratibu. Kisha akaniuliza ninakotoka. Nikamwambia Makangale. Akaniuliza hili jani nimelitoa wapi. Nikamwambia Tondooni. Akanyamaza, akanitazama kwa huruma ambayo mpaka leo naihisi usoni. "Mjukuu wangu," akasema, "umelitoa Tondooni na hujui kuwa ni mtondoo?"

Nimepita Tondooni tangu nabebwa mgongoni. Sikuwahi kujiuliza tondoo ni nini. Mzee akakaa nami pale chini, pweza wake wakiwa wameshanunuliwa, akanieleza mbao za mtondoo zinavyoundia vyombo kwa kuwa hupinda zenyewe na hazipasuki ovyo, na kwamba mbegu ya tondoo ina mafuta. Nikavikata vile vikaratasi kumi na viwili mbele yake. Nilipoandika vipya nikaona si haki kuandika "mtondoo" tu kana kwamba nilikuwa nalijua. Nikaandika: "Mtondoo. Jina hili nimepewa na," halafu jina lake, na "Konde". Mikoba ile ikaisha yote wiki ileile. Nilipokutana naye tena nikampa shilingi 12,000, elfu moja kwa kila mkoba. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akazipokea, akasema atamnunulia mjukuu wake viatu vya skuli.

Hapa mtandaoni siwataji kwa majina, si yeye si wengine. Wameniruhusu kwenye mkoba, si kwenye simu za watu wote. Lakini ndivyo utaratibu ulivyokaa. Kila jani linalochapwa kwangu lina jina, na kila jina lina aliyenipa, na kila mkoba unaouzwa una elfu moja yake. Ninayo daftari, lile kubwa la kurasa ngumu. Hadi leo lina majina 41 ya miti, vichaka na mitambaazi kutoka kwa watu 17. Wapo waliokataa pesa moja kwa moja. Bibi mmoja wa Verani aliniambia jina la mti haliuzwi, kwa hiyo yeye nampelekea mchele na sukari siku ya mwisho ya mwezi wa Shaabani, tumekubaliana hivyo. Na upo mtambaazi mmoja wenye majina mawili, moja la bibi wa upande wa Micheweni na jengine la shangazi yangu, na kila mmoja anaapa la mwenziwe ni la mti mwengine kabisa. Kikaratasi chake kina majina yote mawili. Sitayaandika hapa, kwa sababu ubishi haujaisha na litakalotangulia litaonekana ndilo nililolihukumia.

Watu huniuliza pia kwa nini majani tu, kwa nini sichapi ndege wetu, au popo. Kwanza jani linajichapa, ndege hajichapi. Pili, mjomba wangu ni maalim, na kwake kuchora chenye roho si jambo jepesi. Mimi nimesomea chuoni kwake, sioni sababu ya kumuumiza kwa ajili ya mkoba. Ila popo yumo kwa njia yake. Yule popo mkubwa wa Pemba, ambaye hayupo kokote duniani ila kisiwani hapa na ambaye mabawa yake yakinyooshwa yanapita urefu wa mtoto wa darasa la sita, anapenda kungu. Hulibeba, hula nyama yake akiwa ananing'inia kwengine, na kokwa huidondosha huko. Mikungu mingi iliyoota pahala ambapo hakuna aliyepanda imeota kwa njia hiyo. Mzee mmoja aliyenipa majina sita ya miti ya matunda aliyajua kwa kuwa ujanani alikuwa akiwinda popo, na mwindaji wa popo lazima ajue kila usiku ni mti gani unaiva. Watu wa umri wake wanakumbuka jinsi walivyokaribia kumalizika, kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti mikubwa wanayolala, mpaka vijiji kama Kidike vikaamua kuwalinda. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayewakaripia vijana wanaorusha mawe. Akina mama wetu wamesuka ukili, ule utepe wa ukindu, wenye pembetatu nyeusi zinazofuatana, wakauita bawa la popo, na ndio mshikio wa mikoba yangu yote.

Na hapa ndipo nifike kwenye baraza, kwa sababu bila hilo hakuna biashara ya kuandikia.

Kila Alkhamisi baada ya alasiri barazani kwetu hukaa wanawake tisa au kumi. Wengine wanachana ukindu kuwa chane, wengine wanasuka, mmoja anashona kwa shazia, mmoja anazungumza tu kwa sababu macho yake hayamruhusu tena kusuka, na huyo ndiye tunayemhitaji kuliko wote. Ukindu tunauchemsha na kuuanika pamoja, na ukili nalipia kwa pima. Watoto huleta majani waliyookota njiani. Nina mchezo nao wa mitaa na miti: mmoja anataja jina la pahala, mwengine anatafuta mti uliojificha ndani yake. Tondooni sasa hawakosei. Mzambarauni, Mwembeladu, Kikwajuni, Michenzani. Siku moja mtoto aliyewahi kufika Unguja alituambia Michenzani yeye aliona maghorofa tu, chenza hakuona hata moja, na wenziwe wakakataa kumwamini.

Msimu wa karafuu baraza hukauka. Kila mkono uko shamba au uko kwenye uchambuzi, na ukipita njiani harufu inakufuata mpaka ndani. Miaka ya mwanzo nilikasirika, nilikuwa nimeahidi mizigo kwa watu na hakuna wa kusuka. Siku hizi sipokei oda ya miezi hiyo. Nafunga sufuria, nakwenda kuchambua kwa mama yangu mdogo, nalipwa kwa pishi kama wengine. Mvua ikitisha tunakimbilia majamvi sote, mwenye shamba na asiye na shamba, kwa sababu karafuu ikirowa inakuwa mpeta na kazi ya mwaka mzima imekwenda. Nimejifunza majina ya magugu manne nikiwa nimeinama juu ya majamvi hayo.

Mwaka 2021 duka jengine la mjini, si hili ninaloliandika leo, lilichukua kwangu mikoba 30 mali kauli, yaani walipe baadaye. Tulisema mwezi. Mwezi ukapita, na wa pili. Simu ikawa inaita haipokelewi, baadaye ikawa haiiti. Nilipanda boti Mkoani nikaenda mwenyewe, nikakuta mlango uleule na anayeuza mwengine, vitu vyengine, hajui habari. Nilirudi nimekaa sitaha ya juu njia nzima na sikuona bahari. Bei ya wakati ule ilikuwa shilingi 15,000, kwa hiyo 450,000 zilikuwa zimekwenda, lakini kilichonitesa ni kwamba ndani yake mlikuwa na za watu. Ukili wa mishikio 60. Ushoni wa fundi. Na elfu thelathini za wenye majina.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia. Nilitaka kila mmoja asikie kwangu. Siku ya Alkhamisi nikakaa barazani nikiwa nimekwisha kuamua kuuza cherehani. Sisi tuna upatu, watu kumi, elfu kumi kila wiki, na zamu yangu ilikuwa ya nane. Zamu ya wiki ile ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa akitaka kumnunulia binti yake godoro kabla ya harusi. Alichukua ile laki moja mbele ya watu wote, akaiweka juu ya mkeka karibu na goti langu, akasema: "Binti ataolewa Rajabu, bado kuna miezi. Wewe deni lako ni la leo." Akaendelea kusuka. Hakuna aliyeongeza neno. Wiki iliyofuata aliyekuwa na zamu alifanya vilevile. Cherehani iko hapa, ndiyo ninayoshonea vikaratasi.

Sasa ile Alkhamisi ya mikoba 200. Niliweka simu katikati ya mkeka, nikauwasha ujumbe wasikie wenyewe. Sikutaka kuwaeleza kwa maneno yangu, kwa sababu ningeuelekeza ninakotaka mimi.

Wa kwanza kusema alikuwa msukaji wetu hodari. "Mwanangu, jina halinunui mchele," akasema. "Mikoba 200 ni mishikio 400. Hiyo ni kazi yangu mpaka Ramadhani na zaidi." Hakukosea. Mume wake haendi tena baharini tangu aumie mguu. Fundi akasema anaweza kumaliza kwa miezi miwili iwapo kitambaa kitakuja kwa wakati. Mwengine akauliza kama tungeweza kutoa vikaratasi kwenye mikoba na tukaendelea kulipa zile elfu kimyakimya, wenye majina wasipungukiwe. Hilo nililifikiria sana, na bado nalifikiria, kwa sababu lilikuwa wazo la haki. Nikawaambia kinachonizuia: mzee wa pweza hakufurahi zaidi siku ya elfu kumi na mbili. Alifurahi zaidi siku mgeni mmoja alipofika Konde na mkoba begani, akauliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, nani hapa ndiye mwenye jina hili.

Bi Mkubwa, yuleyule wa bafta, aliniambia nilete daftari. Akaniambia nihesabu wangapi katika wale 17 wameshatangulia mbele ya haki. Nikahesabu, wanne. Mzee wa pweza ni mmoja wao, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulimzika mwaka juzi, masika. Tangu hapo elfu zake nampa mjukuu wake, msichana yupo darasa la sita, naye siku hiyo alikuwa pale akimimina chai. Bi Mkubwa akamwuliza: "Wewe, kile kikaratasi cha babu yako unacho?" Mtoto akasema anacho, kiko ndani ya juzuu yake. Basi, hakuulizwa zaidi.

Walikaa kimya kidogo, tukawa tunasikia mikono tu. Kisha yule msukaji, aliyekuwa wa mwanzo kusema tukubali, akakata ukili wake kwa meno na kuniambia: "Mwambie apunguze mikoba, asipunguze watu." Mimi najua lilimgharimu kiasi gani kusema vile, na sitaki asomaye hapa apite haraka juu yake. Nimemwahidi kwamba oda yoyote itakayokuja, kubwa au ndogo, ukili wa kwanza kununuliwa ni wake.

Nikamjibu mwenye duka kwa maandishi, nikiwa nimesomewa na watu watatu kabla ya kutuma. Nilimwambia naweza kumpa mikoba 60 kwa miezi miwili, bei ileile, na vikaratasi ndani, na kwamba nitamwandikia ukurasa mmoja wa maelezo aubandike ukutani ili asichoke kueleza. Ukurasa huo nilipaswa kuwa nimempa tangu mwanzo, hakukosea kulalamika. Zikapita siku nane bila jibu. Katika siku hizo nilichapa mikoba 24 ya wateja wangu wengine, na nilihesabu kila usiku zile milioni tatu na laki sita, sitaficha.

Juzi akajibu. Hakuzungumzia 60 wala 200. Alisema alikuwa amekaa dukani jioni, hakuna mteja, akasoma vikaratasi vya mikoba iliyobaki, kimoja kimoja, mpaka cha Tondooni. Akaniuliza: "Dada, mie nimezaliwa Mkunazini na duka langu lipo Mkunazini. Jani la mkunazi unalo?"

Sina. Mkunazi ninaoujua uko karibu na makaburi yetu, una miiba, na majani yake ni madogo, ya mviringo, yenye mishipa mitatu inayoanzia pamoja kwenye kikonyo. Nadhani yatachapa vizuri sana. Lakini majani yale kwetu yana kazi yake. Ndiyo yanayotiwa katika maji ya kuoshea maiti, na anayekwenda kuyachuma ni mtu mmoja, na hata watoto wa mchezo wa mitaa na miti hawajawahi kuniletea jani la mti ule.

Sijamjibu bado. Leo ni Jumanne. Keshokutwa baada ya alasiri nitakaa karibu na Bi Mkubwa, nimsubiri amalize chai yake, nimwulize kama jani la mkunazi linaweza kukaa juu ya mkoba wa sokoni, na akikubali, kama ataniruhusu niandike kuwa jina lake nimepewa na yeye.